Fenoli Isiyotoa Povu

Kila Alhamisi baada ya masomo, Nasambu na rafiki yake Nduta hubaki katika maabara ya shule yao, pembezoni mwa mji wa Kitale. Wako Gredi ya Tisa. Jumamosi wangeiwakilisha shule katika mashindano ya sayansi mjini Bungoma, na Nasambu alikuwa amekwisha kuwatangazia jamaa zake wote wa Misikhu kwamba angesimama mbele ya waamuzi.

Jaribio lao lilikuwa kupima uasidi wa fenoli, kemikali ya kuulia viini. Mwalimu Chesang aliwapa kiasi kidogo kilichochanganywa na maji mengi. Walipotumbukiza karatasi ya litmasi ya buluu, iligeuka nyekundu hafifu, ya kutafutwa kwa macho. Kisha Nasambu akanyunyiza magadi ambayo mama yake hupikia mboga ya mrenda. Hakuna kilichotokea.

"Ndimu ikiguswa na magadi inatoa povu," alilalamika. "Sasa hii ni asidi gani, Mwalimu?"

"Asidi dhaifu. Kukosa povu ndilo jibu lenyewe, liandikeni." Mwalimu akaitwa ofisini. "Msiguse kitu mpaka nirudi. Na atakayevua glavu hatapanda gari la Bungoma."

Nasambu ni mtoto wa kubishana hata na sufuria. Aliona waamuzi wangewacheka kwa jaribio lisilo na povu. Kabati lilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na chupa ya fenoli kali yenye picha ya fuvu.

"Nasambu, si uache hiyo chupa," Nduta alisema.

"Ati niache? Ile ingine ilikuwa na maji mingi. Na ni dhaifu, umesikia mwenyewe."

Kizibo kilikuwa kimekaza na glavu ziliteleza, akazivua. Kizibo kilipoachia ghafla, fenoli ilimmwagikia mkono wa kulia. Akajipangusa kwa leso.

"Imekuchoma?"

"Haiumi hata kidogo, bana."

Nduta akautazama mkono ule. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe kama muhogo uliomenywa. Aliifinya kwa kucha.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Nimekufinya kwa nguvu."

Nasambu alijifinya mwenyewe, akajifinya tena. Haukuwa kama mkono wake. Hata hivyo alizivaa tena glavu haraka. "Usimwambie Mwalimu. Nitakosa Bungoma."

Mlango ulifunguka. "Mnaendeleaje?" Mwalimu Chesang aliuliza.

Nasambu alitaka kujibu kwamba wanaendelea vizuri. Lakini ndani ya glavu mkono bado haukusikia kitu. Akavua glavu, akaunyoosha mkono mbele huku machozi yakimtoka.

Mwalimu alishtuka hadi funguo zikamponyoka. Alimvuta hadi kwenye mfereji, akamwagia maji mengi kwa muda mrefu, kisha akampeleka hospitalini kwa gari lake.

"Imeitia ganzi mishipa ya fahamu ya ngozi, ndiyo maana husikii maumivu," Daktari Khisa alieleza akifunga bendeji. "Ungeificha mpaka jioni, ingeendelea kupenya hadi kwenye damu. Mkono utapona. Umeponea chupuchupu."

Mama yake, Phelista, alifika akihema, aproni ikiwa bado kiunoni. Alisikiliza yote, mdomo wazi. "Imeshindwa kutoa povu kwa magadi yangu, halafu ikakula mtoto wangu?"

"Ndivyo, Mama Nasambu," Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini. "Mimi nami nina kosa. Niliacha kabati wazi, na kesho nitamwambia mwalimu mkuu." Akamgeukia Nasambu. "Bungoma huendi, sheria ni ile ile. Lakini jua hili: asidi kuitwa dhaifu hakumaanishi inaihurumia ngozi. Na kosa ukilifunika kwa glavu, huko ndani linazidi kukuchoma. Ulipoivua mbele yangu, ndipo ulipouokoa mkono wako."

Nasambu hakubisha. Aliomba daftari la jaribio, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Chini ya neno litmasi na neno magadi, akaandika kwa herufi zilizopinda mstari ambao Nduta angewasomea waamuzi: Ngozi: haiumi mwanzoni. Usingoje iume.