Nilimdanganya Baba Miaka Minne Kwamba Nasomea Sheria

Baba yangu alisimama katikati ya ukumbi wa mahafali, akavua tai, akaitupa kwenye kiti, akatoka nje.

Watu mia kadhaa wakageuka kumwangalia.

Mimi nilikuwa jukwaani na joho langu, nimeganda...

Alitoka kwa sababu jina langu lilisomwa kwenye orodha ya jiolojia, na yeye alikuwa amekuja kumshangilia mwanasheria.

Usinionee huruma haraka, msomaji. Msaliti hapo nilikuwa mimi.

Ngoja nikueleze.

Baba ni mkandarasi. Alianza kama fundi wa kupiga lipu, akapanda mpaka akawa na kampuni yake, na kaka yangu ndiye msimamizi wa saiti zake. Nilikulia humo humo. Nilikuwa nachungulia mitaro ya msingi: juu udongo mwekundu, chini yake mweusi, chini zaidi mawe. Nikawa najiuliza nani kavipanga vile.

Nilipomaliza sekondari, Baba alinikalisha mbele ya kompyuta nijaze maombi ya chuo, akasimama nyuma yangu kama polisi wa trafiki. Andika Sheria. Nikaandika. Nikajaribu kusema kwamba mimi napenda jiolojia, akajibu hajasomesha mtoto aje kuokota mawe.

Kesho yake nikaingia tena kwa nywila yangu, nikabadilisha.

Miaka minne sikumwambia mtu!

Likizo naazima vitabu vya sheria kwa mwenzangu wa bwenini, naketi sebuleni navifungua Baba akipita. Mjomba aligombana na mwenye nyumba wake, nikaambiwa nimshauri. Nikamshauri kwa kujiamini kabisa. Wiki hiyo hiyo akatolewa vyombo nje.

Nilipanga kusema ukweli asubuhi ya mahafali. Nikamkuta Baba mbele ya kioo anachomekea shati jipya... nikashindwa.

Basi. Niliporudi nyumbani nikakuta sanduku langu liko barazani.

Mama aliomba mpaka akachoka. Nikahamia kwa rafiki. Kaka akaniita Bi Kokoto, na jina likanata ukoo mzima. Kwa miaka mitatu Baba alinichunia. Nikienda kusalimia, nikisema shikamoo, anamgeukia Mama na kumuuliza nani kaacha mlango wazi.

Kazi nayo haikuja upesi. Miaka miwili niliuza makava ya simu na cheti changu kiko chini ya godoro. Kuna siku nilijiambia huenda Baba alikuwa sahihi.

Ndipo maabara moja ya kupima udongo ikanichukua. Kazi ya buti na magunia. Unachimba, unabeba sampuli, unakausha, unapima, unaandika. Nilikuwa naenda kazini mapema kuliko mlinzi.

Siku moja bosi wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniwekea jalada mezani. Hosteli ya ghorofa nne, ina miezi minane tu tangu wanafunzi waingie, na kuta zimepasuka. Wakaguzi wa majengo wanataka tupime msingi na udongo wake.

Nikafungua. Nikaona jina la mkandarasi.

Nikamwambia huyu ni baba yangu mzazi, mpe mtu mwingine. Akasema mtu mwingine ni yeye mwenyewe, basi tutapima wote wawili, kila mmoja kivyake, na majibu yasipolingana tunarudia.

Kwenye geti la hosteli nikapokewa na kaka. Akanitazama buti mpaka kofia, akaingia ndani bila salamu. Akarudi na Baba.

Haya ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka mitatu:

"Rudi ukamwambie bosi wako alete mtaalamu."

"Mtaalamu ndiye mimi, Baba."

Alicheka kwa pua, akaondoka. Tukachimba, mimi na vibarua wawili. Mashimo sita kuzunguka jengo, jua la mchana limetusimamia utosini.

Jamani, kwenye shimo la pili nilipima mara tatu.

Ramani ilisema msingi umeshuka mita mbili, mpaka kwenye mwamba. Mimi niliukuta umeishia mita moja kasoro, umekaa juu ya udongo mweusi. Ule udongo ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Juu yake wamepandisha ghorofa nne, na ndani yake wanalala mabinti mia na ishirini.

Jioni bosi akaja akapima kivyake, na majibu yake yalikuwa yale yale.

Kesho yake saa tisa alasiri Baba akaja maabara. Peke yake. Akafunga mlango, akavuta stuli.

"Andika mita mbili," akasema.

"Siwezi."

"Namba moja tu. Nimekulea kwa zege hili hili."

"Kuna watoto wa watu mle ndani."

Akapiga meza, vikopo vya sampuli vikaruka.

"Ungesoma nilichokuambia, leo ungekuwa na faida kwangu!"

Hilo neno, faida, likanikaa vibaya. Nikamuuliza kwa nini hasa alitaka mwanasheria, wakati yeye kila siku anashinda na udongo.

Akasema kama mtu anayetema kitu.

Mwaka ule nilipomaliza sekondari, ukuta wa shule aliyoijenga yeye ulianguka siku ya Jumapili. Hakuumia mtu, akayamaliza na wenye shule kimya kimya. Msingi ulikuwa mfupi, kama huu. Akajua ipo siku bahati itamwisha. Alitaka siku hiyo awe na wakili wa damu yake, asiyeweza kumkataa.



Kumbe ile fomu haikuwa kwa ajili ya maisha yangu. Nilikuwa naandaliwa kuwa ngao.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

"Saini unavyotaka. Lakini usinizike."

Akatoka. Nilisaini jioni ile, bosi akasaini chini yangu.

Wanafunzi wakahamishwa hosteli ndani ya siku mbili. Walinitukana mtandaoni, wanasema nimewaharibia mitihani. Wiki ya tatu ikanyesha mvua ya siku nne mfululizo, na pembe ya nyuma ya jengo ikaporomoka, ngazi na vyumba kumi na viwili. Hapakuwa na mtu.

Baba amenyang'anywa leseni na ana kesi. Kaka amenitoa kwenye kundi la familia, ameandika kwamba nimesomea kumfunga baba yangu.

Uongo wangu wa miaka minne siutetei. Ningesimama nikasema sitaki, labda ningefukuzwa mapema, ila nisingemwaibisha mbele ya watu. Lakini wewe unayejaza fomu mwaka huu, anayekuchagulia kozi muulize ni kwa faida ya nani. Akikasirika, usiache kuuliza. Na wewe mzazi, uwe na jibu.

Mwezi ujao naitwa mahakamani kama shahidi upande wa mashtaka. Mama amenipigia akilia, ananiomba siku hiyo niugue.

Nimemjibu kwamba nitafika nikiwa mzima.