Nywele za Zuhura

Kiza kilikuwa kinaanza kuingia Mosi alipotoka wodini kwenda kununua chanuo. Nesi Witness ndiye aliyemtuma. "Mama, mfumue mwanao misuko yote, umuoshe kwa sabuni ya dawa. Nikimaliza kugawa vidonge nakuja na mashine ya kunyolea. Wembe usiguse kichwa hiki! Ngozi ikichubuka, daktari hampasui."

Kesho yake Zuhura, mwanawe wa pekee, alikuwa apasuliwe kichwa, uvimbe utolewe.

Kisu cha daktari Mosi alishakikubali. Alichoogopa ni nywele. Kwao Matombo nywele za mgonjwa hazitupwi, jamani. Huzizoa mtu wa ukoo, usibaki hata unywele mmoja, akazifukia. Akizipata mwingine, kampata mwenyewe nazo. Ndiyo maana alikuja na kanga ya kuzikingia.

Akarudi na chanuo lake, anahema.

Kitandani palikuwa na bibi.

Kikongwe, mgongo umepinda, kakaa nyuma ya Zuhura, vidole vinafumua misuko. Na harufu... harufu ya udongo uliolowa, na mvua haijanyesha wiki nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo ya nini, mwizi wa ndizi wewe! Mtoto ana kichwa kama kinu, nywele umeziachia kama kichaka cha ngiri. Ukoo mzima wachafu!"

Mosi akacheka. Tangu Zuhura aanze kuanguka hakuwa amecheka. Maneno yale ni ya mtani, nani mwingine angethubutu? Na mtani ndiye mnyoaji tangu enzi, mkono wake haukataliwi.

"Kaka Yunusi ndiye kakutuma?"

"Mtani hutumwa na nani, we mjinga? Lete kanga hiyo."

Mosi akampa. Kwa mkono wake mwenyewe.

Krr... krr... krr... Nywele zikaanza kudondoka kwenye kanga.

"Bibi," akanong'ona, "nesi kakataza wembe."

"Wembe uko wapi?"

Akageuza viganja.

Vitupu.

Nywele zikaendelea kudondoka.

Krr... krr...

Mosi alitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito. Alitaka kuivuta kanga, mikono ikakataa. Bibi akaifunga fundo, akaitia kwapani, akatoka taratibu kama mtu anayerudi kwake.

Witness aliingia na mashine, akasimama. "Nani kamnyoa huyu?" Akapapasa kichwa. Laini kama yai, hakuna mchubuko. Mlinzi wa getini akaapa hakuna kikongwe aliyepita.

Mosi akampigia kaka yake, akamweleza.

"Mtani?" Yunusi akauliza. "Sijamtuma mtu, dada. Mtani wetu kikongwe alikuwa bibi mmoja tu, naye tulimzika masika yaliyopita, wewe hukuwepo. Sasa... nywele ziko wapi?"

Mosi akakata simu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Zuhura aliamka, akamjua mama yake, akaomba uji. Daktari akafurahi. Wakarudi Matombo, na watu wakaja kuwapongeza.

Kidonda kimeshafunga. Ila nywele hazijaota, kichwa ni kile kile, laini. Na kila jua likizama Zuhura hukaa kizingitini, akalaza shingo nyuma, akafumba macho, kama mtu aliyeegemea mapaja ya anayemsuka. Mosi hukaa mbele yake, kamshika mikono yote miwili, hamwachii.

"Taratibu, bibi," Zuhura hunong'ona. "Hapo panauma."