Safu ya Nne

Daftari la Laurian lilikuwa na safu tatu, kwa kuwa programu za hali ya hewa kwenye simu yake zilikuwa tatu. Alizichora kwa rula na wino wa bluu, maana bwana shamba ni mtu wa kupenda mistari iliyonyooka hata pale mashamba yenyewe yanapokwenda upogo. Programu ya kwanza ilikuja na simu. Ya pili aliwekewa na fundi simu wa Biharamulo mjini. Ya tatu alielezwa kwenye semina kwamba inayatazama mawingu kutoka angani, kwa hiyo aliiheshimu zaidi ingawa ilikosea kuliko zote. Kila jioni aliandika zimesema nini juu ya kesho, na kesho ikifika aliandika mbingu imefanya nini.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikuta safu ya nne.

Ilikuwa imechorwa kwa rula. Mwandiko ulikuwa wake kabisa, hadi ile herufi ya "m" yenye mguu mrefu aliyochapiwa sana shuleni. Iliandikwa: *Mvua, saa nane na robo.* Programu mbili zilikuwa zimeahidi jua, ya tatu mawingu tu. Laurian akajiambia kwamba ameandika huku anasinzia, akanywa chai, akaenda kazini. Saa nane na robo alikuwa amejibanza chini ya upenu wa duka la pembejeo, maji yakimchuruzika shingoni.

Kazi hiyo ya kulinganisha programu alipewa na Mzee Mayunga, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima pale Nyamigogo. Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni, watu wanataka kukata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe, na michembe ikinyeshewa mara moja tu inaota ukungu, familia inabaki kutazamana.

"Simu zenu zinabishana zenyewe kwa zenyewe," alisema Mzee Mayunga. "Tuambie tuamini ipi."

Laurian alikubali upesi mno. Ukweli ni kwamba hakukubali kwa ajili ya michembe. Jioni za nyumba aliyopewa na kijiji zilikuwa ndefu, na mwenye daftari la kujaza angalau ana mahali pa kuweka macho. Mkewe Diana alikuwa kwao Mabawe, kule Ngara. Ndoa yao ilikuwa na miaka miwili, na katika hiyo, miezi waliyolala nyumba moja haikufika mitatu. Alikuwa akipika ugali wa mtu mmoja, unabaki, anakula tena asubuhi, na katikati hakuna aliyemuuliza kama umeiva.

Kipimo cha mvua ofisi iliahidi ikasahau. Nyuma ya nyumba alikuta kibanda cha nyasi kilichomfika magotini, akadhani ni mchezo wa watoto, na ndani yake mlikuwa na chungu kidogo cheusi. Akakichukua, akakitega uani. Kila asubuhi alipima maji yaliyomo kwa rula, akayamwaga kizingitini, akakirudisha.

Safu ya nne haikukosea. Siku ya ishirini, siku ya thelathini, ilitaja mvua kwa saa na dakika, ikatimia. Laurian aliacha kujidanganya kwamba anasinzia, lakini hakumwambia mtu, maana angesema nini? Nyumba ilianza kunuka udongo uliolowa hata siku za jua kali. Kisha ukaja mlio: mvua ikipiga bati juu ya chumba cha kulala peke yake, huku sebuleni kimya na uani kuku wanachakura vumbi.

Diana alipotaka kuja Jumamosi ya kwanza, safu ilisema *mvua, kijito kitajaa.* Laurian akamzuia. Alasiri hiyo kijito cha kuingilia kijijini kilibeba pikipiki na magunia mawili ya mahindi, na dereva aliokolewa kwa kushikwa mkanda. Baada ya hapo, nani angemlaumu? Akamzuia Jumamosi ya pili, na ya tatu.

"Mara tatu nimefunga begi, mara tatu nimelifungua," Diana alimwambia kwa simu Alhamisi, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomtisha zaidi. "Jumamosi hii ukiniambia nisije, Laurian, sitalifunga tena. Nitabaki kwetu."

Ijumaa alikwenda kwa Bibi Kwandu, jirani yake, mtu wa Shinyanga aliyehamia huku na ng'ombe zamani na ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyofaa kupelekwa zahanati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Keti."

Alimweleza yote. Bibi hakushtuka mpaka alipotajiwa chungu.

"Na maji yake unamwaga wapi?"

"Kizingitini."

"Asubuhi?"

"Kila asubuhi, bibi."

Bibi Kwandu akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Pale palikuwa boma la mganga wa mvua. Alikuwa na jini lake, alilifuga ndani ya chungu hicho. Maji yale alikuwa anayamwaga mke wake mdogo, kizingitini, kila alfajiri. Ndivyo jini lilivyojua nani ni mtu wake. Mganga kafa, mke kafa, likakaa bila mtu miaka yote hiyo. Sasa umekuja wewe, unamwaga."

"Mimi nilikuwa napima tu."

"Lenyewe halijui kupima. Linajua limepata mtu." Akamwangalia kwa huruma. "Na halitaki mwingine aingie. Ukirudi, usikiguse chungu. Neno lake lijalo likatae. Moja tu. Likiona hulitii, litatoka."

"Na kama neno lenyewe ni la kweli?"

Bibi akainuka, akamsindikiza hadi njiani.

Jumamosi alfajiri daftari lilikuwa wazi mezani. *Mvua kubwa, saa tisa. Kijito kitachukua mtu.*

Programu zote tatu zilisema jua, na tangu aanze kuzilinganisha hazijawahi kukubaliana hata siku moja. Laurian alikaa na simu mkononi akipiga hesabu: safu ya nne imesema siku thelathini, imepatia siku thelathini. Saa tatu Diana akapiga, yuko kwenye basi, anacheka, amebeba senene waliokaangwa na mama yake. Laurian akasema, "Njoo salama." Akajisikia mwepesi. Akafagia, akatandika shuka mpya, akapika kwa mara ya kwanza ugali wa watu wawili.

Saa saba na nusu harufu ya udongo ikaingia sebuleni, kisha mvua ikaanza juu ya bati la chumba cha kulala, kwanza tone tone, kisha kwa kishindo, na Laurian akatoka uani akaona anga jeupe bila wingu, akarudi ndani akaisikia inazidi, akatoka tena akaona jua, akarudi, na safari hii haikuwa juu ya chumba peke yake bali nyumba nzima, inamiminika mpaka hakuisikia pumzi yake mwenyewe, na ndani ya mmiminiko ule alimwona Diana katikati ya kijito, begi kichwani, mkono mmoja umenyooshwa na hakuna wa kuushika, na vidole vyake vikawa vimeshabonyeza namba kabla hajakata shauri.

"Umefika wapi?"

"Biharamulo mjini. Napanda bodaboda sasa hivi."

"Rudi, Diana. Huku inanyesha."

"Hapa jua linachoma."

"Huku inanyesha, nakuapia."

"Laurian," alisema polepole, "uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Nasikia mtu anakwambia cha kusema. Anatangulia yeye, kisha unasema wewe."

Laurian akageuka. Meza, daftari, viti viwili.

"Basi kaa naye," alisema Diana, akakata. Alipompigia tena simu ilikuwa imezimwa.

Saa tisa ikafika, ikapita. Watoto walivuka kijito wameshika viatu mkononi, maji hayajawafika vifundoni. Hadi jua linatua halikuanguka tone. Programu tatu zilikuwa zimesema kweli. Laurian aliketi kizingitini akalia kwa sauti, mtu mzima, bila kujali nani anapita.

Bibi Kwandu ndiye aliyepita. Akasimama uani.

"Amekuja?"

Laurian akatikisa kichwa.

Bibi akafungua kinywa amwambie neno, kisha macho yake yakampita Laurian, yakaenda ndani, yakapanda taratibu kama ya mtu anayemtazama mtu mrefu anayeinuka kitini. Ajuza yule, ambaye Nyamigogo nzima hakukuwa na aliyemzidi umri, akapiga goti vumbini.

"Shikamoo," alisema.

Na kutoka sebuleni, kwa sauti ya Laurian, mtu akaitikia marahaba.