Papa Liévin wa Redioni

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi mnaofungua redio kabla ya kufungua dirisha, kaeni kidogo niwaeleze habari ya nyumba moja ya mtaa wetu wa Bel-Air. Nyumba hiyo na yetu zinatenganishwa na ukuta mfupi tu. Ninayoyasema niliyaona, au niliyasikia, au wenye nyumba wenyewe waliniambia.

Asubuhi zao zilikuwa nzuri. Mama Albertine aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, pale nje, moto ukashika polepole. Binti yao Léa, mtoto wao wa pekee, alifagia uwanja huku akiimba. Papa Liévin, mstaafu wa reli, alikaa kwenye kiti chake cha chuma, redio mapajani, akimngoja Huguette, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, aseme kwamba laini iko wazi. Hapo aliiweka redio dirishani, akaenda nyuma ya nyumba na simu, maana ukipiga simu karibu na redio inapiga filimbi. Kwa hiyo Mama Albertine alizoea kumsikia mume wake akitoka redioni, na mume mwenyewe yuko hatua chache tu, nyuma ya ukuta.

Alijulikana mji mzima. Alisema juu ya barabara mbovu, juu ya umeme unaopotea, juu ya wakubwa wanaotukumbuka wakati wa kura. Siku moja kijana wa asili ya Kasai, mkoa ambao watu wake bado huitwa wageni hapa, alisingiziwa wizi sokoni, akapigwa vibaya, na waliompiga wakaachwa. Papa Liévin alipiga simu.

"Mama Huguette, muntu ni muntu! Mukasai, Mukatanga, bote tunanunua unga ku soko moja. Haki haiulize muntu kwabo ni wapi!"

"Merci, Papa Liévin wa Bel-Air," alijibu Huguette.

Watu walimsalimu njiani kwa jina hilo zima. Vijana walimtania, "Papa, ingia député ku Bunge!" Alicheka, lakini alipenda.

Kisha Léa akamtaja mchumba wake Jephté, fundi wa magari wa mtaa wa Ruashi. Jephté alizaliwa mjini humu, na baba yake pia, ila babu yao alitoka Kasai. Jumapili moja jamaa zake walikuja kujitambulisha kwa ajili ya posa: mzee Lucien, baba yake, pamoja na wajomba, wote katika suti, mvua ikinyesha. Mnajua desturi yetu. Wageni wa namna hiyo hupewa viti kwanza, hata kama jibu litakuwa hapana. Papa Liévin hakufungua lango. Aliongeza sauti ya redio.

"Papa, beko nalowana!" Léa alilia.

"Balowane. Barudi kwabo."

"Kwabo njo wapi? Mzee Lucien alizaliwa hapa Kampemba, kama weye!"

"Nyamaza, iko habari."

Waligonga, wakangoja, wakagonga tena. Mwishowe mzee Lucien alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa, wakaondoka. Labda mtaniuliza: si ndiye huyu aliyemtetea kijana wa sokoni? Ndiye.

Léa aliondoka jioni ile na mfuko mmoja, akaenda Ruashi. Baba yake aliifungia namba ya Léa isiingie kwenye simu, na simu ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Akakataza jina la Léa lisitajwe.

Uwanja ukabaki kimya, isipokuwa redio. Mama Albertine aliendelea kusonga bukari, ugali wetu, ya watu watatu. Hakujua kupunguza.

"Papa, usiku niliota..."

"Ngoja, Mama, banasema juu ya Bunge."

Alingoja. Baada ya habari ulikuja mjadala, na baada ya mjadala mume wake alikwenda njia panda kubishana na wenzake hadi jua kali. Ndoto ile hakuisimulia. Mara nyingine alikuja kwenye ukuta wetu, akaegemeza mikono, akanitazama nikifua. Nilimngoja aseme. Alisema tu, "Bon, naenda kugeuza maharagi," akarudi.

Asubuhi moja Huguette alileta swali hili: je, watu wa asili mbalimbali wanaishi vizuri katika mji wetu? Papa Liévin alikwenda nyuma ya nyumba, akasema vizuri kuliko siku zote. Kabla hajakata, Huguette alimwomba abaki kidogo, maana kulikuwa na mtu mwingine kwenye laini.

"Allô? Niko ku Ruashi," ilisema sauti ya mwanamke. "Nataka kuuliza ule papa alisema sasa. Kama mutoto yake ameolewa na Mukasai, na iko na mimba, atamufungulia mulango?"

Mama Albertine aliacha mwiko ndani ya chungu. Mama hakosei sauti ya mtoto wake.

"Swali nzuri," alisema Huguette. "Papa Liévin, unajibu nini?"

Nami nilisimama na nguo mkononi, nikimwomba Mungu amsaidie aseme neno moja tu.

"Ile ni maneno ya nyumba, haiko ya redio," alisema hatimaye. "Na miye sina mutoto."

Mji mzima ulisikia.

Aliporudi uwanjani, alimkuta mke wake anafunga nguo zake ndani ya kitenge.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kama hauna mutoto, miye niko mama ya nani hapa?"

"Mama, tuzungumuze kwanza."

"Sasa njo unataka tuzungumuze?" Alitia miguu katika viatu vyake. "Zungumuza na Huguette." Akabeba kitenge chake, akaenda Ruashi kwa Léa.

Tangu siku ile kila Papa Liévin alipopiga simu, msikilizaji aliyemfuata aliuliza, "Na ule mutoto ya Ruashi?" Pale njia panda wenzake waligeuza mazungumzo alipofika. Akaacha kupiga simu.

Habari za mwisho nilizipata kwa Mama Albertine, alipokuja kuchukua sufuria yake kubwa. Papa Liévin alisikia kwamba Léa amezaa. Alinunua kitenge kipya, akaenda Ruashi, akasimama langoni. Jephté alifungua mara moja, akaleta kiti.

"Papa, ikala."

Léa alitoka, mtoto mgongoni. Alipiga goti kidogo, kama tunavyowasalimu wazee tusio na udugu nao.

"Bonjour, Papa Liévin wa Bel-Air."

Hakusema "Papa" peke yake. Mzee aliinamisha kichwa. Baadaye aliuliza jina la mtoto. Kwetu mtoto wa kwanza mara nyingi hupewa jina la babu.

"Lucien," alijibu Jephté, kwa upole.

Ndani ya nyumba redio ilikuwa inasema kwamba laini iko wazi. Mama Albertine aliinuka, akaizima.

"Mutoto analala," alisema.

Papa Liévin alikunywa maji aliyopewa, akaacha kitenge juu ya kiti, akarudi Bel-Air peke yake. Juzi Huguette aliuliza redioni kama kuna jirani mwenye habari zake, maana hasikiki tena. Nilichungulia juu ya ukuta, nikamwona. Redio ilikuwa mapajani, simu mkononi, naye alikuwa akitazama lango. Hakuna aliyegonga.

FUNZO

Wazazi wetu, redio ni kitu kizuri. Inatupa habari za mji na inawasemea walioonewa. Lakini haki unayoidai kwa serikali, idai kwanza kwako mwenyewe, langoni pako, siku mgeni wa asili nyingine anapogonga. Usimfanye jirani kuwa mgeni kwa sababu ya kijiji cha babu yake. Mke wako akianza kusema, punguza redio. Na kama ulimfungia mtoto wako nje, usingoje. Siku atakapokusalimu kama mtu baki, hutakuwa na laini ya kupiga.