Nilimwambia Terry Afungue Bomba la Baridi

"Agneta, hebu kivute hicho kitanda."

Madam alisema kwa sauti ya chini, kwa kile Kiswahili cha Unguja alichorithi kwa mama yake. Mkimsikia Madam Ashwaq anapiga kelele msiogope. Akishusha sauti, ombeni.

Nikakivuta.

Jamani!

Chini ya kitanda changu, ukiwa umefungwa kwa taulo yangu ya kuogea, kulikuwa na mti mdogo. Mepo wa Kijapani, ndani ya chungu chake cha buluu. Ule ambao marehemu mume wake alimletea kutoka Japani mwaka mmoja kabla hajafa.

"Unauuza kwa nani?"

"Madam, wallahi sijui umefikaje hapa!"

"Usiniapie kwa dini yangu. Terry kanambia. Kuna mtu mtaa wa Al Baraha anakungoja."

Nikageuka. Terry alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, macho chini. Terry! Dada niliyemtafutia kazi mwenyewe mwezi wa Novemba, nikamgawia chumba, nikamfundisha hadi namna ya kupiga pasi abaya!

"Terry, sema ukweli!"

"Mimi nimesema chenye niliona, Agnes."

Hata jina langu aliharibu makusudi.

"Khalas," Madam akasema. "Toka. Visa yako n'taifuta mwisho wa mwezi."

Niwaeleweshe kidogo wale ambao hamjafika huko. Kule Dubai kafeel, yaani mwajiri anayekudhamini, akifuta visa na hujapata mwingine, unarudi Kenya. Mimi nina mapacha Kisii, wako form two, na baba yao aliingia mitini zamani. Visa ile ndiyo ilikuwa maisha yangu.

Na ile miti ya mepo ya Madam? Miaka mitatu niliilea mimi! Mepo ni mti wa nchi za baridi, majani yake madogo kama mkono wa mtoto, mengine mekundu kabisa. Kuiweka Dubai ni ukaidi wa watu wenye nafasi. Madam alikuwa nayo kumi na minne, ndani ya chumba cha kioo nyuma ya nyumba, AC mchana na usiku. Maji yake hayatoki bombani moja kwa moja. Nilikuwa nayalaza kwenye ndoo mle mle ndani mpaka yapoe, halafu nanywesha asubuhi mapema, chungu kwa chungu. Nilikuwa naujua kila mmoja, upi mlafi, upi hautaki kuguswa.

Terry alikuwa akipita pale na ufagio tu. Lakini wageni wakija kuiona, Madam alikuwa akiniita mimi niwaelezee. Kumbe roho ilikuwa inamuuma dada!

Nikahamia mtaa wa Satwa, kwa Mishi, msichana wa Likoni anayeshona kwenye duka la mafundi. Nilikuwa nalala sakafuni na kuamka na jambo moja tu kichwani.

Kisasi.

"Muachie Mungu," Mishi alikuwa akiniambia.

"Mungu ana kazi nyingi. Huyu niachie mimi!"

Siku ya kumi na moja, nikiwa dukani na Mishi, simu ikaita. Mwezi wa nane, jua limesimama kama lina kesi na sisi. Nikaangalia kioo... TERRY!

"Dada Agneta..." Sauti ilikuwa inatetemeka. "Tafadhali usikate."

"Sema."

"Majani yanakauka kwa ncha. Yanajikunja. Madam ataniua. Nifanye nini?"

Wapendwa, niliketi vizuri. Nikatabasamu peke yangu mpaka Mishi akaacha kushona.

Maana niliona mlango umefunguka wenyewe. Terry alifika Novemba, na tangu afike alikuwa anakunywa maji baridi ya mashine ya dispensa na kuoga usiku. Chakula na vyombo vilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Dubai, mwezi wa nane, matangi yako juu ya paa, na bomba la baridi mchana linatoa maji ya kupikia chai! Sisi wenyeji tunazima hita na kufungua upande wa moto, maana maji ya ndani ya hita yamepoa kivulini, ndiyo tunapata afadhali.

"Terry, sikiliza vizuri," nikasema, sauti tamu kabisa. "Hiyo miti ina kiu. Unganisha mpira kwenye bomba la baridi, la huko nje."

"La baridi?"

"La baridi. Saa saba mchana, wakati jua limewaka. Mwagilia yote, mpaka maji yatokee chini ya chungu."

"Yote kumi na minne?"

"Hata mmoja usiache!"

Nikasubiri aseme asante.

Halafu nikasikia mtu akivuta pumzi. Si Terry.

"Agneta."

Mungu wangu! Madam! Simu ilikuwa kwenye spika!

"Maji ya tangi, saa saba, mwezi huu? Mimi n'mezaliwa hapa, mwanangu. Najua yanatokaje."

Nikainuka, simu sikioni, naye akaendelea.

"Jana n'metazama kamera ya chumba cha kioo. N'memwona Terry akiuchukua ule mti na taulo yako mkononi. N'mekukosea, na n'likuwa nataka nikwambie hivyo. N'kamwambia akupigie kwanza, akuulize, nisikie nani alokuwa akiilea miti yangu. Gari ilikuwa tayari kuja kukufuata."

"Madam, nisamehe... ilikuwa hasira!"

"Hasira yako ni haki yako. Terry ndo alokukosea. Miti imekukosea nini? Na ule wa chungu cha buluu ndo ulobaki wa mume wangu, nawe wajua."

Akakata.

Nililia mpaka Mishi akafunga mlango wa duka. Nilipiga simu mara kumi, nikatuma voice note, nikaenda hadi getini. Mlinzi akanirudishia begi langu lililobaki, basi.

Kafeel akikurudisha kwenu, tikiti ni juu yake. Madam alikata mbili, kwa mpigo mmoja. Nilipoingia kwenye ndege nikitafuta namba ya kiti changu, mtu wa dirishani akageuka.

Terry!

Saa tano za safari, bega kwa bega na adui yangu. Tulipokaribia Nairobi ndipo akafungua mdomo.

"Kwani ningefungua hiyo bomba, zingekufa zote?"

"Zote."

Akatikisa kichwa. "Basi sisi ni wawili," akasema, akaangalia nje.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilikosa sababu.

Ndugu msomaji, nimeandika haya nikiwa Kisii, mapacha wamerudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya karo, na bado simpendi Terry hata kidogo. Lakini nakwambia hivi: ukisingiziwa, kaa na haki yako hata kama inakuchoma. Mimi haki yangu ilikuwa njiani kuja kunichukua. Niliirudisha mwenyewe, kwa simu ya dakika mbili.