Watu Uchi Nyuma ya Mtakatifu

"Dagaa, unanisikia?"

"Nakusikia. Sema taratibu, magoti yangu bado yamelala."

Dagaa lilikuwa jina lake la kazi. La ubatizo ni Delfina Traverso. Miaka mingi ya kuwafukuza watu wa magendo katika bandari ya Genova ilikuwa imemwachia bastola ya Beretta, goti bovu na kipaji cha kusinzia wima.

"Feri ya Barcelona inapakia," mwenzake Bruzzone aliendelea redioni kutoka kituoni. "Mchoro ulioibwa uko njiani."

"Nani anao?"

"Ningejua ningekuamsha?"

Mchoro wenyewe ulikuwa chapa ya bamba la shaba, ya karne ya kumi na saba. Watu uchi wamejipumzisha chini ya miti, mmoja anaosha miguu kijitoni. Ukubwa wake kama wa sinia tu. Wezi walipoubeba kutoka jumba la makumbusho, polisi walimbeba mlinzi, mzee Battista, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Pasaka ilimkuta mzee rumande.

"Hakimu anaamua leo," Bruzzone alisema. "Mchoro ukivuka bahari, Battista amekwisha."

Delfina aliikagua foleni ya abiria. Vijana na pikipiki zao za Vespa. Familia zilizobeba mabaki ya pai za sikukuu. Mashine ya eksirei ilikuwa ikimulika mizigo, lakini mashine hiyo huona bunduki. Karatasi haiishughulishi.

Akaja padre.

Kijana, mtanashati, viatu vinang'aa. Kwapani ana picha yenye fremu, imefungwa kitambaa cha zambarau.

"Pita, padre," afisa wa forodha alisema. "Utuombee."

Delfina alimpita. Akasimama.

Leo ni Jumanne ya Pasaka.

"Bruzzone. Nina padre hapa ananuka magendo."

"Delfina, nakusihi. Mwaka jana ulimkamata mtawa."

"Alikuwa na sigara za magendo chini ya joho."

"Haya. Yule ulimpatia."

Delfina akachechemea hadi kwa padre.

"Samahani, padre. Nani huyo amefunikwa?"

"Mtakatifu Rocco, mwanangu."

"Maskini Rocco! Hakuna aliyemwambia kwamba Bwana amefufuka?"

Padre alitabasamu. Tabasamu lilichelewa.

"Sijakuelewa."

"Picha hufunikwa zambarau wakati wa Kwaresima, padre. Jumamosi usiku kengele zimelia, picha zote zimefunuliwa. Hata mtoto anayelamba yai la chokoleti anajua. Wewe parokia yako iko mwezini?"

Afisa wa forodha akacheka.

Kisha akaacha kucheka.

Padre alimrushia Delfina fremu usoni, akatimua mbio. Delfina aliidaka kifuani. Hakukimbia. Kukimbia alikwisha kustaafu. Alilisukuma kwa mguu toroli la mizigo lililokuwa kando yake.

Toroli likamfikia padre magotini. Padre akaifikia pai ya mama mmoja kwa uso.

"Pai yangu!" mama akapiga kelele. "Mungu akulaani, padre!"

"Si padre, mama," Delfina alisema. Beretta ilikuwa tayari mkononi. "Tulia hapo hapo, mwanangu."

Afisa alipomtia pingu, Delfina alifungua mgongo wa fremu. Nyuma ya Mtakatifu Rocco walikuwamo, chini ya miti yao, mmoja bado anaosha miguu. Alipitisha kidole gumba pembezoni. Kibonyeo kilikuwapo, alama ya bamba la shaba lililogandamizwa kwenye karatasi. Nakala ya mashine haina kibonyeo.

"Bruzzone. Wamepatikana. Hawana nguo, lakini wazima."

"Asante Mungu! Na mzee?"

"Mpigie hakimu. Battista avae koti, nakuja kumchukua."

Akaufunga mchoro kwa kile kitambaa cha zambarau.

"We Delfina," afisa alimchokoza, "si umesema Kwaresima imekwisha?"

"Hawa nawafunika kwa sababu ya upepo."

Akamgeukia mama aliyekuwa akiililia pai yake.

"Mama, kipande hiki hakijaguswa na pua yake. Naomba."

"Una njaa?"

"Si mimi. Kuna mzee hajala Pasaka."

Akaweka pai mkono mmoja, watu uchi mkono wa pili, akaondoka zake akichechemea. Nyuma yake feri ilipiga honi. Hakugeuka.