Kibanda Kisichouliza Jina

Karatasi ilitoka tupu, tena baridi.

Venuste aliipapasa. Karatasi ikitoka kwenye printa ya leza huwa na joto la chapati; hii ilikuwa baridi na ilinuka maziwa yaliyochacha. Hakuna aliyekuwa ametuma kitu. Akaikunjakunja na kuitupa, maana subira yake ilikuwa imeshakwisha.

Na nani angemlaumu? Seva yake ya Linux, kompyuta iliyounganisha printa na mashine za wateja, ilikuwa imemtoa jasho la bure. Kibanda chake cha kuchapa, kilichoshikana ukuta na nyumba yake pale Kabazana, katika kambi ya wakimbizi, kilipokea mashine za kila aina. Kompyuta za Windows ziliomba neno la siri ambalo hata yeye hakulijua, Mac ya katekista haikuiona printa kabisa, na simu za vijana zilitafuta mtandao hadi zikachoka. Wateja walianza kukimbilia vibanda vya Rwekubo, na nyumbani mkewe Godeberthe alikuwa amejifungua binti ambaye bado hajapewa jina. Kwa hasira Venuste alipanda gari mpaka Mbarara kumwona fundi aliyemuuzia seva.

"Ssebo, bwana, wewe nasumbuka bure," fundi alicheka. "Fungua tu. Ile Samba ya kugawa printa, ambia mtu asiyejulikana naye aingie. Hakuna jina, hakuna paswedi. Kwisha!"

Aliporudi, Venuste aliandika mistari aliyoelekezwa, akawasha seva upya, na kila mashine ikachapa. Alijipigia makofi peke yake. Aliyekunja uso ni Marthe, jirani Mkongomani anayeongoza kikundi cha maombi.

"Umefungulia hata mwenye hasemi jina yake?"

"Ni kompyuta, mama Marthe."

"Kwetu, muntu akipiga hodi na akatale kusema jina, hatumufungulie. Beko mingi benye habana jina, papa. Banatafuta jina ya kubeba."

Venuste alicheka. Mungu amsamehe, alicheka, kisha akafanya kosa ambalo Mrundi yeyote mwenye akili angelikwepa. Kwao jina la mtoto hukaa kifuani mwa baba mpaka siku atakapolitamka mbele ya ukoo. Lakini haraka haraka haina baraka: alitaka kadi za ubatizo ziwe tayari mapema, akaliandika jina, Inamahoro, akalituma kwenye printa iliyo wazi kwa kila apitaye.

Kadi zilitoka baridi. Picha ya njiwa ilikuwepo, tarehe ilikuwepo, jina halikuwepo.

"Mashine ya kishenzi!" Akabadilisha wino, akabadilisha aina ya herufi, akachapa tena na tena huku akitukana, na kila mara pale pa jina palibaki peupe, pakiwa na unyevu kama palipolambwa, na ile harufu ya maziwa ikazidi kujaa kibandani, na mvua ya mchana ikatia giza dirishani, ndipo Godeberthe akatokea mlangoni, mtoto amelala fofofo kifuani pake.

"Venuste," alinong'ona, "nani ananyonya humu ndani?"

Akasikia. Nyuma ya printa, taratibu, kwa uroho, kitu kilikuwa kinanyonya.

Alizima kila kitu. Alifuta ile ruhusa, akang'oa nyaya, akamwita Marthe. Marthe alinyunyiza maji ya chumvi kila pembe, akakemea mpaka sauti ikamkauka, na harufu ikaisha. Venuste akatia kufuli mlangoni. Alijiona mjinga, na alifurahi kujiona mjinga.

Siku ya jina ukoo ulikusanyika uani, pombe ya mtama ikapita mkono kwa mkono. Venuste alimpakata binti yake, akatazama macho yake meusi.

"Inamahoro," aliita.

Mtoto hakutikisika. Alimtazama baba yake kama anavyomtazama mtu anayeita mtoto wa jirani.

Lakini ndani ya kibanda, nyuma ya kufuli, sauti nyembamba ya msichana iliitika kwa adabu, kama mtoto wa Kirundi anavyofundishwa kumwitikia mzazi:

"Karame, papa."

Godeberthe alimpokonya mumewe mtoto, akamziba masikio.

"Usiite tena," alisema. "Kinakuja."

Mlango wa kibanda ulikuwa umeanza kusukumwa kutoka ndani.